Grafu iliyosema FSK inaipiga BPSK: kisa cha simulesheni moja ya makosa ya biti

Kisa chenyewe ni cha mwanafunzi wa mawasiliano aliyepewa ile kazi ya kawaida kabisa, chukua aina kadhaa za modulesheni za kidijitali (njia za kupakia biti kwenye wimbi), zipitishe kwenye chaneli yenye kelele nyeupe (kelele nasibu iliyosambaa sawa kwenye masafa yote), hesabu biti zilizoharibika, chora BER (sehemu ya biti zilizokosewa) dhidi ya Eb/N0 (nishati ya kila biti ikilinganishwa na kiwango cha kelele) halafu useme ipi ni bora. Yeye alichagua BPSK, QPSK na 8-PSK (zinabadilisha fezi, yaani pale wimbi lilipo kwenye mzunguko wake), 16-QAM na 64-QAM (fezi na ukubwa pamoja), na FSK ya toni mbili (inabadilisha masafa), ile ambayo risiva haihangaiki na fezi, inaangalia tu toni ipi ina nguvu zaidi. Kodi kaandika kwa Python, NumPy tupu bila maktaba ya mawasiliano, biti 120,000 kwa kila nukta, Eb/N0 kuanzia desibeli 0 mpaka 10. Grafu ikatoka safi mno, mistari laini inashuka vizuri, na kwenye ripoti akaandika kwamba FSK ndiyo mshindi, tena kwa mbali.

Hapo ndipo faili lilipoletwa kwangu niliangalie, maana msimamizi wake alikuwa kaandika pembeni neno moja tu, "hakika?", na dogo hakuelewa kosa liko wapi.

Sasa kabla hujacheka, angalia jinsi grafu ile ilivyokuwa inashawishi. Kwanza, BPSK na QPSK zilikuwa zimelaliana kabisa, mstari mmoja juu ya mwingine, na kila kitabu kinasema BER ya QPSK kwa Eb/N0 ni ileile ya BPSK. Yeye aliichukua hiyo kama muhuri, kwamba simulesheni ni sahihi, kwa nini zingelingana kama kuna kosa? Pili, mpangilio wa zile nyingine ulikuwa unaeleweka, 8-PSK juu ya QPSK, 16-QAM juu yake, 64-QAM juu kabisa. Tatu, kwa FSK alikuwa na maelezo, tena yanapendeza: FSK inabeba habari kwenye masafa, kelele inacheza na ukubwa wa wimbi, kwa hiyo FSK haisumbuliwi. Ukisoma haraka unatikisa kichwa unapita.

Maelezo hayo ni nusu ukweli, na nusu ukweli kwenye uhandisi inasumbua kuliko uongo mzima. Ni kweli wimbi la FSK lina ukubwa usiobadilika, kwa hiyo unaweza kulipitisha kwenye amplifaya rahisi inayokaribia kujaa na lisiharibike sana, ndiyo maana Bluetooth ilianza na GFSK, yaani FSK iliyolainishwa, na GSM ikatumia GMSK, ndugu wa karibu kabisa. Lakini kelele nyeupe inayojumlishwa kwenye wimbi haichagui, inatikisa ukubwa na fezi kwa pamoja, na risiva ya FSK inalinganisha nguvu za toni mbili ambazo zote zina kelele yake. Na kuna jambo la msingi zaidi: ukituma biti moja moja bila kodi ya kusahihisha makosa, kwenye kelele nyeupe, hakuna jozi ya mawimbi inayoishinda jozi ya mawimbi yanayopingana moja kwa moja, moja chanya na lingine hasi yake. Hiyo ndiyo BPSK. Toni mbili za FSK ziko pembe mraba kwa kila moja, umbali kati yake ni mdogo kwa nishati ileile, na hasara yake ni desibeli 3 hata risiva ikijua fezi, ikiwa haijui hasara inaongezeka kidogo tena. Kwa hiyo FSK kuwa chini ya BPSK kwenye grafu ya namna hii haiwezekani, ni kosa tu, swali ni la wapi.

Njia niliyotumia ni fupi. Usilinganishe mstari na mstari, chukua nukta moja ya grafu uilinganishe na namba ya nadharia. Na nukta rahisi kuliko zote ni desibeli 0, pale ambapo Eb na N0 ni sawa, maana hapo makosa ni mengi na hata biti elfu kumi zinatosha. BPSK kwenye desibeli 0 lazima ikupe asilimia 7.86 ya makosa. Simulesheni yake ilitoa 15.9. FSK isiyofuata fezi fomula yake ni nusu ya e kwa kipeo cha hasi nusu ya Eb/N0, yaani kwenye desibeli 0 unapata asilimia 30.3, kama asilimia 60 ya njia kuelekea kubahatisha kwa shilingi, ambako ni hamsini. Yake ilitoa asilimia 0.9. Sio tofauti ya kubishania bahati nasibu hiyo.

Na 15.9 ukiifanyia kazi kidogo inajitaja yenyewe. BPSK inatoa asilimia 15.9 pale Eb/N0 ya kweli ikiwa nusu, yaani desibeli hasi 3. Mstari wake wote wa BPSK umesogea kulia desibeli 3. Mstari wa QPSK nao umesogea kulia desibeli 3, ndiyo maana zimelaliana! Kumbe ule muhuri alioutegemea ulikuwa makosa mawili tofauti kabisa ambayo kwa bahati yana ukubwa uleule.

Tuingie kwenye kodi sasa, maana hapa ndipo utamu ulipo. Alikuwa na fankisheni moja ya kuongeza kelele inayotumika na modulesheni zote, wazo zuri kabisa kwa nje. Inapima wastani wa nguvu ya sampuli za signali, inaigawa kwa uwiano unaotokana na desibeli ulizoipa, hiyo inakuwa nguvu ya kelele. Halafu inauliza, signali ni namba halisi au namba changamano? Kama ni halisi, inamwaga kelele yote kwenye mhimili mmoja. Kama ni changamano, inagawa nusu kwa nusu, I na Q, yaani mihimili yake miwili. Fankisheni za namna hii zipo kila mahali na zenyewe hazina ubaya, zinafanya kile zinachosema: zinaweka SNR ya sampuli, yaani uwiano wa nguvu ya signali na ya kelele. Tatizo ni yeye alikuwa anaipa Eb/N0 na kuamini ni kitu kilekile.

Fuata kila modulesheni uone kilichotokea. BPSK yake ilikuwa jozi ya +1 na -1, namba halisi. Kelele nyeupe yenye N0 ina N0/2 kwa kila mhimili, na BPSK inatazama mhimili mmoja tu, kwa hiyo ilistahili kupata nusu. Fankisheni ikaiona ni halisi, ikaimwagia yote. Hasara desibeli 3.

QPSK ilikuwa changamano, kelele ikagawanywa sawa, hapo safi. Lakini kila simboli ya QPSK, yaani kila kipande cha wimbi kinachotumwa kwa mkupuo, inabeba biti 2, kwa hiyo nishati ya simboli ikigawiwa kwa biti mbili kila moja inabaki na nusu. Yeye aliweka kelele kwa kiwango cha simboli halafu kwenye mhimili wa chini wa grafu akaandika Eb/N0. Hasara desibeli 3 kwa sababu isiyohusiana na ya kwanza hata kidogo. Mizani mbili zimeharibika kila moja kivyake, zinaonyesha uzito mmoja, ukazichukulia kuwa zinathibitishana.

Sababu hiyo ya pili inazidi kukua kadiri biti kwa simboli zinavyoongezeka. 8-PSK ikapoteza desibeli 4.8, 16-QAM ikapoteza 6, 64-QAM ikapoteza 7.8. Mpangilio ulibaki uleule ila pengo kati yao likavutwa, 64-QAM ikaonekana takataka isiyofaa kwa lolote, na kwenye ripoti ndivyo alivyoandika, karibu kwa maneno hayo.

Halafu FSK. Hii haiwezi kuwa nukta moja kwa simboli, lazima toni ionekane ikizunguka, kwa hiyo alitumia sampuli 8 kwa kila simboli. Nguvu ya sampuli ni 1, fankisheni ikaweka kelele kwa kulinganisha na hiyo 1. Ila risiva haiangalii sampuli moja, inajumlisha zote nane kulingana na umbo la toni, signali inajumlika kwa mpangilio na kelele inajumlika ovyoovyo, na nishati ya simboli nzima ni 8 sio 1. Kwa hiyo FSK ilipewa zawadi ya mara nane, desibeli 9, bila yeyote kusema. Desibeli 0 kwenye grafu yake ilikuwa desibeli 9 za kweli, na nusu ya e kwa hasi 4 ni asilimia 0.9, namba ileile tuliyoiona juu. Angetumia sampuli 16 FSK ingekuwa bora zaidi kwa desibeli nyingine 3, na hili ni jaribio zuri la haraka kwa yeyote mwenye kodi ya namna hii: badilisha idadi ya sampuli kwa simboli, kama mstari unahama basi kelele yako haijawekwa kwa nishati.

Nguvu na nishati, basi, ugomvi wote ni huo. Eb ni nishati, inajumlishwa kwenye muda, haijali umeikata sampuli ngapi. Ukiwa na mazoea ya kupima nguvu ya sampuli lazima ukumbuke kusahihisha kwa biti kwa simboli, kwa sampuli kwa simboli, na kwa halisi dhidi ya changamano, na kukumbuka vitu vitatu kila unapoongeza modulesheni mpya ni kujitafutia balaa. Mimi napendelea kodi isiyohitaji kukumbuka kitu. Tulifuta fankisheni yote tukaweka mistari hii, s ikiwa signali na x desibeli za Eb/N0:

Eb = np.sum(np.abs(s)**2) / n_biti
N0 = Eb / 10**(x/10)
r = s + np.sqrt(N0/2) * (randn_I + 1j*randn_Q)

Jumlisha nishati yote ya signali uliyotuma, igawe kwa idadi ya biti ulizotuma, hiyo ndiyo Eb, mwisho wa habari. Hata BPSK inapata kelele changamano, risiva yake inachukua sehemu halisi na kutupa nyingine, kama risiva ya kweli inavyofanya. Nukta za 16-QAM ziwe ±1 na ±3 ambazo wastani wa nishati ni 10, au uwe umezigawa ziwe na wastani wa 1, haijalishi tena. Sampuli 8 au 80, haijalishi.

Akaendesha tena. BPSK kwenye desibeli 0, asilimia 7.9. FSK, asilimia 30. Vizuri. Lakini grafu ikawa mbaya kwa sura! BPSK na QPSK zilishuka vizuri mpaka desibeli 8, zikaanza kuyumba kwenye 9, na kwenye 10 nukta ikatoweka kabisa, mstari umekatika hewani. Dogo akaandika, "naona tumeharibu, mwanzo ilikuwa inafika mpaka mwisho."

Nimeipenda sana hii sehemu ya kisa kwa sababu ina mantiki yake. Grafu ya mwanzo ilikuwa laini kwa sababu ilikuwa na makosa mengi. Kwenye desibeli 10 ya uongo, BPSK ilikuwa kwa kweli iko desibeli 7, BER karibu 0.00077, biti 120,000 zinakupa makosa zaidi ya 90, wastani unatulia. Baada ya kurekebisha, desibeli 10 ya kweli BER ni kosa 1 kwa kila biti 258,000 hivi. Umetuma biti 120,000. Wastani wa makosa utakayoona ni chini ya nusu kosa, zaidi ya nusu ya mara utakazoendesha utaona sifuri, na sifuri kwenye mhimili wa logi haina pa kukaa, programu inaitupa kimya. Kwenye desibeli 9 unategemea makosa 4, ukipata 2 au 7 ni kawaida tu. Kwa hiyo uzuri wa mstari hauna habari yoyote kuhusu usahihi wake, una habari kuhusu makosa mangapi umehesabu.

Kanuni ya kazi ni kuhesabu makosa, sio biti. Uhakika wa makadirio unakwenda na kipeuo cha pili cha idadi ya makosa, makosa 100 yanakupa mtawanyiko wa asilimia 10, ukitaka asilimia 95 ya uhakika uko ndani ya asilimia 20 juu au chini. Watu wakisikia asilimia 20 wanashtuka, ila kwenye kelele nyeupe mstari unashuka kwa kasi kiasi kwamba asilimia 20 ya BER pale karibu na desibeli 10 ni chini ya moja ya kumi ya desibeli kwenye mhimili wa chini, huwezi hata kuiona kwa macho. Makosa 100 yanatosha sana. Na ukipata sifuri usiandike sifuri, andika kwamba BER iko chini ya 3 gawanya kwa idadi ya biti, kwa uhakika wa asilimia 95, hapa ni chini ya 0.000025.

Kwa hiyo tukabadilisha luupu, inatuma vipande vya biti 1,200,000 na inaendelea mpaka makosa yafike 100 au biti zizidi milioni 100, kipi kianze. Namba 1,200,000 ni kwa sababu inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6, hutaki kuhangaika na biti za mabaki kwenye 8-PSK na 64-QAM. Vipande ni kwa ajili ya memori, biti milioni 26 za BPSK kama namba changamano kwa mkupuo ni zaidi ya megabaiti 400 kabla hujaongeza kelele. Na milioni 26 ndizo zinazohitajika kupata makosa 100 pale desibeli 10. Ukitaka desibeli 12 ni biti bilioni 11, hapo acha, chora mstari wa fomula, hakuna sifa ya kuchoma umeme usiku kucha kuthibitisha kitu kinachojulikana.

Kitu kidogo tulikikuta njiani. Alikuwa ameweka mbegu ya namba nasibu, ile inayoamua mfuatano wote wa kelele, ndani ya luupu, kila nukta inaanza na mbegu ileile. Nia ni njema, matokeo yarudiwe na mtu mwingine. Ila maana yake kila nukta ya grafu inatumia kelele ileile, imekuzwa au kupunguzwa tu, kwa hiyo kama kelele ile imeegemea upande fulani nukta zote zinaegemea pamoja na mstari unaonekana laini kuliko unavyostahili. Weka mbegu mara moja mwanzoni, nje ya luupu.

Baada ya hapo BPSK, QPSK na FSK zikakaa juu ya mistari ya nadharia kabisa. 8-PSK, 16-QAM na 64-QAM zikabaki juu kidogo, kidogo kwelikweli, ile ya mtu kusema "ah, ni simulesheni". Kwenye desibeli 10, 16-QAM ilistahili 0.00175 ikatoa karibu 0.0023. Kwa makosa machache ungesema bahati mbaya, ila sasa tuna makosa mamia, theluthi nzima ya ziada sio bahati.

Hapa kuna kipimo ambacho watu wengi hawakifanyi na ni cha bure: hesabu makosa kwa nafasi ya biti. Kwenye 16-QAM kila mhimili unabeba biti mbili, ya kwanza inasema upande, ya pili inasema nukta ipi kati ya mbili za upande huo. Kwenye kodi yake biti ya pili ilikuwa inakosea mara tatu ya biti ya kwanza. Ukipanga kwa kodi ya Gray uwiano ni mara mbili. Mara tatu ni alama ya vidole ya upangaji wa kawaida, 00, 01, 10, 11 kwa mfuatano, ambapo kati ya 01 na 10 biti zote mbili zinageuka. Simboli inayokosewa karibu kila mara inaangukia kwa jirani yake wa karibu, kwa hiyo unataka majirani watofautiane kwa biti moja tu, na hiyo ndiyo kazi ya mpangilio uliobeba jina la Frank Gray wa Bell Labs, hataza yake ilitolewa 1953. QPSK haikuonyesha dalili kwa sababu aliijenga biti moja kwenye I na nyingine kwenye Q, na hiyo inakuwa Gray yenyewe bila kukusudia.

Hasara unaweza kuihesabu kwa vidole. Mhimili wa 16-QAM una mipaka mitatu kati ya majirani, biti zinazogeuka ni 1, 2, 1, jumla 4 gawanya 3, theluthi moja zaidi, sawasawa na tulichoona. 64-QAM ina mipaka saba, jumla 11, asilimia 57 zaidi. 8-PSK kwenye duara ina mipaka minane, jumla 14, asilimia 75 zaidi. Kwa desibeli ni vitu vidogo, kama nusu desibeli na chini, ungeweza kudharau. Lakini angalia hili: 8-PSK na 16-QAM zote kwa Gray zinatofautiana kama nusu desibeli tu. Ukiipanga 8-PSK kwa kawaida na 16-QAM kwa Gray, kwenye desibeli 10 zinakutana, 0.0018 kwa 0.0018, na mtu anaweza kuandika ripoti nzima kwamba zina uwezo sawa. Kama swali ni kulinganisha, vitu vidogo ndio kazi yenyewe.

Sasa hitimisho la ripoti. Namba zimekaa sawa, na kwa kiwango cha kosa 1 kwa biti 100,000 orodha inakuwa hivi: BPSK na QPSK zinahitaji desibeli 9.6, 8-PSK 13.0, FSK isiyofuata fezi 13.4, 16-QAM 13.4, 64-QAM 17.8. Dogo kafuta FSK kaandika BPSK ndiyo bora. Mimi nasema hapana, bado. Huo ni mhimili mmoja tu wa swali. QPSK ina BER ileile na inapitisha biti mara mbili kwenye upana uleule wa bendi, kwa hiyo BPSK imeshindwa na jirani yake kwenye jedwali lilelile. Na 64-QAM inapitisha mara tatu ya QPSK. Kama mshindi ni BER tu basi Wi-Fi wangebaki na BPSK, kumbe ina BPSK kwenye kasi ya chini kabisa na inapanda mpaka 1024-QAM kwenye 802.11ax (Wi-Fi 6) kadiri signali inavyoruhusu.

Kipimo ninachokiona cha haki ni umbali kutoka kikomo cha Shannon cha 1948. Kwa kila idadi ya biti kwa simboli kuna Eb/N0 ya chini kabisa ambayo hakuna ujanja wa kuishuka: unachukua 2 kwa kipeo cha idadi ya biti, toa 1, gawanya kwa idadi ya biti. Biti 2 ni desibeli 1.8, biti 4 ni 5.7, biti 6 ni 10.2. Toa kutoka kwenye orodha ya juu. QPSK iko mbali kwa desibeli 7.8, 16-QAM 7.7, 64-QAM 7.6. Angalia vizuri, ni kitu kimoja! Ile 64-QAM iliyoitwa takataka iko karibu na kikomo chake sawa na QPSK, imelipia nishati ikanunua upana wa bendi kwa bei ileile. BPSK kwa hesabu hii iko mbali kwa desibeli 9.6 maana inaacha mhimili mzima mtupu, 8-PSK 9.3, na 16-PSK ambayo hakuiweka ingekuwa 11.7, ndiyo sababu huioni sana mitaani. FSK inakwenda upande mwingine kabisa, inatumia bendi zaidi, na ukiongeza toni kutoka 2 hadi 4 hadi 16 nishati inayohitajika kwa biti inapungua badala ya kuongezeka. Kwa hiyo kuiweka FSK ya toni mbili kwenye orodha moja na QAM na kutafuta mshindi ni swali lenye kasoro tangu mwanzo, unaweza kuiweka, ila iandikie upana wa bendi pembeni.

Alikuwa na mpango wa kuongeza chaneli ya Rayleigh, ile ambayo nguvu ya signali inapanda na kushuka ovyo, kwenye sehemu ya mwisho, na hapo nilimwachia tahadhari moja tu. BPSK inayofika kosa 1 kwa biti 1,000 kwa desibeli 6.8 kwenye kelele tupu, kwenye Rayleigh inahitaji kama 24, na mstari unashuka polepole, mara kumi kwa kila desibeli 10. Kwa hiyo ile asilimia 20 ya BER ambayo kwenye kelele nyeupe ilikuwa haionekani, huku ni desibeli 0.8 nzima. Na kama chaneli yako inabaki ileile kwa simboli elfu moja kabla ya kubadilika, makosa yanakuja kwa mafungu, makosa 100 yanaweza kuwa yametoka kwenye shimo moja la signali, umehesabu tukio moja mara mia. Badilisha chaneli kila simboli, au kama lazima iwe ya polepole basi hesabu mashimo, sio biti.